Kalenda ya Wenye Njaa ya Jua

Mpwa wangu anayeishi Ujerumani ameniletea ujumbe wa sauti wa dakika nne. Keshapanga kila kitu: ukoo ukutane Malta, wao washuke kutoka kaskazini, sisi tupande kutoka Dar es Salaam, tukae siku kumi kwenye visiwa hivyo vilivyo kama kilomita 90 kusini mwa Sisilia. “Agosti, mjomba,” anasema. “Kila mtu anakwambia Agosti. Jua tupu, maji ya bahari vuguvugu, mvua hata tone hakuna. Ikishindikana kabisa, Juni au Septemba. Lakini usije ukaniambia mambo ya Februari. Februari Malta imekufa.”

Nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikaudhika, ya tatu nikachukua kalamu, maana kijana hakusema lake. Amesema yaliyomo katika vitabu vya kuongozea wasafiri, yanayorudiwa na mawakala wa tiketi, na yanayorudiwa zaidi na watu ambao hawajaiona Mediterania hata kwa mbali. Namjibu yeye, ila nasema na wengi.

Tuanze na huyo “kila mtu”. Ni nani? Ni mtu wa Hamburg, wa Manchester, wa Stockholm. Tangu Novemba hadi Machi anatoka kwake gizani na kurudi gizani, na mbingu iko juu yake kama sufuria iliyofunikwa. Kwake jua ni dawa anayoiwekea akiba mwaka mzima. Akikwambia Agosti ndiyo bora hasemi uongo, anaeleza njaa yake. Kosa ni letu sisi tulioshiba jua tangu utotoni, tukaichukua njaa ya mwenzetu tukaitundika ukutani kuwa kalenda. Agosti Dar es Salaam kusi linavuma, jioni zina raha, wazee wanatafuta shuka la pili. Tuyaache hayo, tulipe nauli, tubadilishe ndege njiani, tukashuke mahali ambapo mchana joto ni nyuzi 32 kwa wastani, tulale chini ya mwavuli tukijipaka mafuta. Bahari tumeiacha Kigamboni, jua tumeliacha Kigamboni. Hata mchanga, kwa mtu aliyezoea Paje au Diani, Malta utamsikitisha: sehemu kubwa ya pwani yake ni mwamba.

Haya, mtu ana haki ya kupenda joto hata kama kazaliwa Tanga. Hoja yangu nzito ni nyingine. Anayekwenda Malta Agosti anakikuta kisiwa kimelala, akarudi kwao kusimulia usingizi.

Kwetu mvua na joto huenda pamoja. Jua likipita juu ya vichwa vyetu ndipo mawingu yanapojikusanya, na masika yakimwagika ardhi bado ina moto, mimea ikaota kwa pupa. Mediterania hao wawili walikwisha kupeana talaka. Kiangazi kikiingia, mgandamizo mkubwa wa hewa kutoka upande wa visiwa vya Azores husogea ukaifunika bahari ile, mawingu yakakosa njia. Jua likirudi kusini kifuniko huondoka, na dhoruba za Atlantiki hupata mlango. Malta hupata kama milimita 550 za mvua kwa mwaka, na nyingi mno hunyesha kati ya Oktoba na Machi. Julai mara nyingi haipati kitu. Hakuna mto unaotiririka mwaka mzima, na zaidi ya nusu ya maji ya bombani ni ya bahari yaliyotolewa chumvi. Kwa hiyo mimea ya huko hailali wakati wa baridi kama ya Ujerumani. Hulala kiangazi. Agosti ya Malta ni Oktoba ya Dodoma: udongo umepasuka, majani yamekuwa makapi, rangi ya shamba na rangi ya ukuta ni moja. Nani kati yetu angempeleka mgeni Dodoma mwezi wa Oktoba, halafu amwambie huo ndio wakati wenyewe wa kuiona Ugogo?

Wamalta wanalijua hili, na lugha yao inalisema. Kimalta ni mtoto wa Kiarabu aliyelelewa nyumba moja na Kiitaliano, hivyo mwenye Kiswahili akikisikiliza hukuta ndugu zake: bahari ni baħar, asali ni għasel, dunia ni dinja, wakati ni waqt. Kiangazi wanakiita sajf. Mwenzake ni xitwa, litamke “shitwa”, na wageni hulitafsiri neno hilo kuwa majira ya baridi, msomaji akaona theluji mbele ya macho. Lakini mvua kwa Kimalta ni xita. Xita, xitwa: shina ni moja. Kama angekuwapo Mswahili siku neno hilo lilipokuwa linatafsiriwa, angeandika “masika”, na nusu ya ubishi huu usingezaliwa. Mwenye hoteli Nungwi atakwambia masika ni wakati uliokufa. Mkulima wa Mkokotoni umuulize, uone atakavyokutazama.

Sasa hiyo Februari iliyokufa ina nini? Ina nyuzi 15 au 16 mchana na 9 au 10 usiku, baridi ambayo mtu wa Njombe au Limuru hatashtuka nayo. Ina milozi iliyochanua. Ina mashamba madogo, kila moja na kuta zake za mawe yaliyopangwa bila saruji, ndani kumejaa kijani kibichi. Kando ya kila njia lipo ua dogo la manjano ambalo wenyeji huliita ħaxixa ngliża, gugu la Kiingereza. Uingereza wala halitoki. Lililetwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka Rasi, kusini mwa Afrika, likatoroka bustanini, leo limeenea Mediterania. Mwafrika huyu huchanua tangu Desemba hadi Aprili. Joto likianza huzama chini ya ardhi, akabaki tunguu tu. Mgeni wa Agosti huenda na kurudi asijue kwamba amelala juu ya vichwa vya wenyeji wake. Machungwa yako mitini. Baadaye kidogo huja maharage mabichi mapana, ful, neno ambalo jamaa zetu waliokaa Muscat na Dubai hawahitaji kutafsiriwa, na Aprili mabonde hugeuka mekundu kwa maua ya silla, yale ambayo nyuki huyatumia kwa asali ya kwanza ya mwaka. Asali ya pili, ya zaatari, ni ya kiangazi. Hiyo nawaachia wapinzani wangu. Wana haki ya kupata kitu.

Tena msidhani hekima hii ya Agosti ni ya kale. Ni ya juzi. Adelaide, mjane wa mfalme William IV wa Uingereza, alikwenda Malta kutafuta afya mwishoni mwa Novemba 1838, akakaa hadi Aprili. Kanisa kuu la Kianglikana la Valletta, ambalo mnara wake unaonekana ukiwa ng’ambo ya bandari, lilijengwa kwa fedha zake kutokana na safari ile. Hakuna aliyemshauri angoje Agosti; Agosti ilikuwa ya kukimbiwa. Pwani ya kusini ya Ufaransa ilikuwa hivyohivyo: matajiri walifika na baridi, wakaondoka na joto, na hoteli zikafunga milango. Ni mwaka 1923 ndipo mume na mke wa Kimarekani, Gerald na Sara Murphy, walipomshawishi mwenye Hôtel du Cap kule Antibes aache sehemu ya hoteli wazi kiangazi. Mwaka 1936 sheria ya Ufaransa ikawapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo. Baada ya vita zikaja ndege za kukodi za bei nafuu. Na shule za Ulaya zilikuwa zikifunga kiangazi tangu hapo. King’ora cha kiwanda na kengele ya shule ndivyo vilivyoichagua Agosti. Kisiwa hakikuulizwa. Mwenye watoto wa shule namwelewa, hana la kufanya, lakini basi aseme kwamba mwalimu mkuu ndiye aliyempangia, asiseme kwamba ndio wakati bora. Mpwa wangu hana mtoto wa shule.

Mpinzani aliyesoma atanirushia Chopin, mtunzi wa muziki. Kipupwe kilekile ambacho Adelaide alikuwa Malta, 1838 kuingia 1839, Chopin alikuwa kisiwa kingine cha bahari hiyohiyo, Mallorca, pamoja na mwandishi George Sand na watoto wake wawili. Wakateseka. Mvua haikukatika, kikohozi hakikukatika, wenyeji wakaogopa ugonjwa wake, na Sand akaja kuandika kitabu kizima cha malalamiko. Kweli tupu. Nami nasema: mgonjwa wa mapafu asiende kukaa kwenye monasteri ya milimani yenye baridi. Zaidi ya hapo kisa kile hakinifundishi kitu, isipokuwa kwamba kazi ya Preludes, ambayo dunia inaipiga hadi leo, alikwenda kuimalizia mlemle ndani.

Na kama ni kurushiana wageni mashuhuri, mimi ninaye mkubwa kuliko Chopin. Waliosoma Matendo ya Mitume kwa Kiswahili wanakijua kisiwa hiki kwa jina la Melita. Paulo hakwenda kwa kutaka. Aliwaonya mabaharia kwamba msimu wa kusafiri umepita, wakamsikiliza nahodha na mwenye chombo badala yake, upepo wa Eurakilo ukawapiga siku kumi na nne hadi merikebu ikavunjika. (Upepo huo bado upo. Wamalta wanauita grigal, na ukiamka feri ya kwenda kisiwa cha Gozo husimama.) Watu wale walitoka majini wamelowa, na wenyeji wakawawashia moto kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na baridi ilikuwapo. Paulo akakaa miezi mitatu, yaani masika yote. Ukarimu ule unaotajwa katika kisa hicho hautenganishwi na hali ya hewa yake: mwenyeji humwashia moto mgeni aliyekuja wakati wa moto. Mgeni wa Agosti anawashiwa nini?

Nimwambie mpwa wangu anachowashiwa. Visiwa vyote vya Malta pamoja ni kilomita za mraba 316, havifiki robo ya Unguja, na wakazi ni zaidi ya nusu milioni. Mwaka 2024 walipokea watalii wapatao milioni 3.5, na kilele chake ni kiangazi. Kwa mfano kuna Comino, kisiwa cha kilomita za mraba tatu na nusu chenye ghuba ya maji ya samawati ambayo picha zake zimeuza tiketi kuliko kitu kingine chochote Malta. Vitanda vya kukodi vilizidi kutandazwa pale hadi mwaka 2022 wanaharakati wa kisiwani wakaingia kuviondoa wenyewe kwa mikono yao. Mwaka 2025 serikali ikaamua kwamba huendi ghubani bila kujiandikisha kwanza kwenye intaneti na kuvaa mkanda mkononi, kama mgonjwa wa wodini. Watu wanavuka bahari tatu kwenda kuvaa mkanda ili waogelee. Julai 2023 joto lilipokaa siku nyingi mfululizo, nyaya za umeme zilizofukiwa chini ziliungua, na mitaa mingine ikakaa bila umeme usiku baada ya usiku, feni zimesimama, nyama zimeoza kwenye majokofu. Rekodi ya kisiwa ni nyuzi 43.8, na mwezi wa rekodi hiyo ni Agosti. Mtu wa Dar akitaka kukosa umeme wakati wa joto hahitaji viza.

Nisiwe dhalimu. Kiangazi kina kitu kimoja ambacho masika hayana, nacho ni sherehe za vijiji. Tangu Juni hadi Septemba kila parokia humtoa mtakatifu wake, bendi zinapita, fataki zinarushwa ambazo wanakijiji wamezitengeneza wenyewe mwaka mzima. Na tarehe 15 Agosti, Santa Marija, ina kumbukumbu yake: siku hiyo mwaka 1942, kisiwa kikiwa kimezingirwa na njaa imebana, meli ya mafuta Ohio iliyopasuliwa na mabomu iliingizwa bandarini ikiwa imeshikiliwa ubavuni na manowari ili isizame. Mtu akiniambia anakwenda Agosti ili asimame ukingoni mwa bandari ile siku ile, nitambebea sanduku. Ila sijamsikia. Ninaowasikia wanataja joto la maji.

Kuna kundi jingine, la wajanja, ambalo mpwa wangu alilitaja mwishoni kama akiba: Juni au Septemba. Hawa hujiona wamevuka ujinga wa Agosti. Mimi naona wameshika fimbo ileile wakaipunguza kidogo: bado wanapima kisiwa kwa kipimajoto cha maji, bado wanataka ufukwe, wanachotaka zaidi ni kutowakuta wenzao. Kwa kuwa ushauri huo umesomwa na kila mtu, wenzao nao wapo. Juni nchi imekwisha kukauka. Septemba mvua ndiyo kwanza inaanza. Nikibanwa sana nitakubali mwisho wa Oktoba, kwa heshima ya samaki mmoja. Lampuka wa Malta ndiye fulusi wetu, yuleyule mwenye kipaji cha uso na rangi zinazobadilika akitoka majini. Msimu wake hufunguliwa katikati ya Agosti ukaendelea hadi mwisho wa mwaka. Wavuvi huelesha majini vitu wanavyoviita kannizzati, maboya yaliyofungiwa makuti ya mitende, na fulusi huja kujikusanya kwenye kivuli kama wazee chini ya mwembe. Nyavu hufanya yaliyobaki. Mvuvi wa Pemba angekaa pale dakika tano tu kabla ya kuanza kutoa ushauri.

Lakini bado nasema Februari, tena Februari kwenda Pasaka, na nitaieleza kwa ubaya wake pia. Nyumba za Malta zimejengwa kwa mawe ya chokaa kwa ajili ya kumzuia sajf asiingie. Masika hunywa unyevunyevu, na nyingi hazina mfumo wa kupasha joto. Nje nyuzi 15 na jua, ndani unavaa koti. Wageni wengi wanaolalamikia baridi ya Malta wanalalamikia chumba chao cha kulala. Desemba siisifu: jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Dhoruba nazo si za mchezo. Machi 2017 mawimbi yaliangusha lile tao kubwa la mwamba la Dwejra, Gozo, ambalo vizazi vya watu vililipiga picha. Februari 2019 upepo ulivunja mabwawa ya kufugia samaki baharini, mawimbi yakawatupa samaki barabarani huko Xemxija, na watu wakatoka na mifuko ya plastiki kuokota chakula cha jioni. Hiyo ndiyo Februari ambayo mpwa wangu anasema imekufa. Hata hivyo siku za namna hiyo ni chache. Katikati ya majira hayo bado jua hutoka zaidi ya saa tano kwa siku kwa wastani, na mvua hunyesha kwa kishindo kisha ikaondoka, kama ya kwetu.

Katika nafasi hiyo kati ya mvua na mvua ndimo mambo yalimo. Moja ya mahekalu ya mawe ya Mnajdra, yaliyojengwa zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, lilielekezwa ili asubuhi ya siku ambayo usiku na mchana hulingana jua lipenye mlangoni moja kwa moja hadi ndani. Moja ya siku hizo huangukia Machi, vilima vikiwa bado vya kijani. Makaburi ya chini ya ardhi ya Ħal Saflieni huruhusu watu wapatao kumi tu kwa saa, na ninyi wa Agosti mtagombea nafasi hizo na bara zima. Kanivali ni Februari au mwanzo wa Machi: Valletta magari yaliyopambwa, na kule Nadur, Gozo, watu wanajitokeza usiku wamejifunika nyuso, hawana ratiba wala mpangaji. Kwaresima ina keki zake, Wiki Kuu ina maandamano ya watu waliobeba sanamu nzito mabegani, na wanaotazama ni jirani zao. Mgeni yupo, lakini hakuandaliwa kitu; anatazama mambo ambayo yangefanyika hata asingekuja. Viongozi wa Jumuiya ya Madola, marais wetu wakiwamo kwenye orodha ya wanaoalikwa, wameitwa Malta mara mbili kwa mkutano wao mkuu, 2005 na 2015. Mara zote mbili ilikuwa Novemba. Wenyeji walipotaka kupokea wageni wa heshima, Agosti hawakuifikiria.

Nimemrudishia mpwa wangu ujumbe wa dakika saba. Nimemwambia tunashuka tarehe 8 Februari, ili tarehe 10 tuwe tumekwisha kujua njia za Valletta, kwa sababu siku hiyo ni sikukuu ya kuvunjikiwa merikebu kwake Paulo, na sanamu yake ya mbao ya karne ya 17 hutolewa mitaani huku vipande vya karatasi vikimwagwa kutoka roshani hadi barabara ikawa nyeupe. Nimemwambia aje na sweta mbili na viatu visivyopitisha maji, kandambili aziache.

Alikaa kimya siku nzima. Usiku akajibu kwa neno moja: “Hita?”

Nimemwambia hilo amuulize mwenye nyumba kabla hajalipa.